Huyu Dk Kirk wa Zanzibar alikuwa rafiki wa Seyyid Barghash au ndo alomuuza?

mtembeza_wageni

Assalam alaykum, na habari zenu wakuu wote. Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, na kila nikifika nao kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, lazima atokee mmoja aulize habari za Sir John Kirk, yule balozi wa Kiingereza zama za Seyyid Barghash. Nilivyofundishwa na wakubwa zangu kwenye kazi ni mambo mawili tu, kuwa Kirk ndo alofunga soko la watumwa 1873 na kuwa alikuwa daktari kwenye safari za Livingstone, nikishayasema hayo tunaelekea altarini biashara imekwisha. Sasa majuzi nimepata mzee mmoja wa Kiskoti, kajisomea mambo yake, akanambia eti huyo huyo Kirk alokuwa kipenzi cha Sultani ndo alomshika mkono 1885 akamkabidhisha bara kwa Wajerumani. Nilibaki natabasamu tu.

Sasa nauliza, daktari alifikaje kuwa balozi? Kweli alikuwa mtu wa Barghash au maneno ya vitabu vyao tu? Na hiyo 1885 ilikuwaje hasa? Naomba mniambie kwa namna ya mtu kumsimulia mwenzake njiani, sio lugha ya mtihani.

sandarusi

Wa alaykum salaam ami yangu. Umeuliza mtu ambae mimi naweza kukesha namzungumza, kwa hiyo vumilia.

Kirk ni Mskoti, kazaliwa 1832 Barry, huko upande wa Arbroath, baba yake mchungaji. Kasoma udaktari Edinburgh lakini moyo wake siku zote ulikuwa kwenye majani na miti, dawa ilikuwa ya kumpatia riziki tu. Vita vya Crimea vilipozuka akaenda kutumika hospitali ya Waingereza upande wa Uturuki, na hata huko kila akipata nafasi anachuma mimea anaikausha. 1858 Livingstone anaandaa msafara wa mto Zambezi na serikali yao ndo inalipa, anatafuta mtu anaejua dawa na mimea kwa pamoja, akampata Kirk. Ule msafara ulikuwa balaa, homa, vifo, wazungu wanagombana wao kwa wao humo humo kwenye mashua, na 1860 kwenye maporomoko ya Kebrabasa (siku hizi kuna lile bwawa la Cahora Bassa) mtumbwi wa Kirk ukapinduka, roho ikapona ila madaftari na michoro ya mimea ikenda na maji. Kwenye shajara yake Kirk aliandika waziwazi kuwa haoni maelezo mengine isipokuwa Livingstone akili zimemruka. Basi wakumbushe wageni wako hilo, maana wanadhani hawa wawili walikuwa kama baba na mwana.

Hata hivyo ni Livingstone huyo huyo alompigia debe akapata kazi Zanzibar, 1866, na kazi yenyewe ilikuwa ni udaktari wa ofisi ya balozi, sio ubalozi. Hapa ndo jibu la swali lako la kwanza. Ofisi ya Waingereza Unguja wakati ule ilikuwa ndogo sana, iliwekwa 1841 chini ya Hamerton na kwa upande mmoja ilikuwa inaripoti Bombay kwa serikali ya India, na wakuu wake walikuwa hawakai, huyu anaumwa anarudishwa kwao, huyu anahamishwa. Anaebaki ni daktari. Churchill, alokuwa balozi wakati ule, alivyoondoka na maradhi yake 1870 Kirk akakaimu, na mwaka huo huo Seyyid Majid akafariki Barghash akakalia kiti, kwa hiyo wawili hawa walianza kazi pamoja. Uteuzi kamili wa Kirk ulikuja 1873. Ukipiga hesabu mpaka anaondoka 1886 ni miaka 20 kwenye mji mmoja, nani mwengine katika wao alokaa hivyo? Anawajua masheha, anawajua Wahindi wa forodhani, anajua nani ana deni la nani na jahazi gani limetoka Kilwa jana usiku.

Pembeni ya hayo yote anaendelea na mimea yake. Alichunguza sandarusi (ndo jina langu humu, usicheke) akaandika kwa wataalamu wa London kuonesha kuwa ile inayochimbwa ardhini pwani ya bara ilitoka kwenye mti wa aina ile ile unaotoa sandarusi mbichi mpaka leo. Mpira wa mwitu, ule wa mtambaazi, alipeleka mfano wake bustani ya Kew na akahimiza wafanyabiashara wausafirishe, na kweli ukawa bidhaa kubwa pwani. Wale kima wekundu wa Jozani kwa kizungu wanaitwa kwa jina lake, kima punju, na yule digidigi wa kaskazini bara na Kenya pia ana jina lake. Yale maua madogo ya zambarau ya milima ya Usambara ambayo wazungu wanayapanda madirishani kote duniani, Kirk alishapeleka Kew 1884, Mjerumani Saint Paul akaja kuyapata miaka ya baadae na maua yakachukua jina la Mjerumani. Ndo dunia.

Ya 1873 na 1885 nakuja nayo, nna kazi kidogo.

bi_mkunazini

Kabla sandarusi hajarudi kumremba naomba nitie neno. Mimi sina ugomvi na mimea yake. Lakini hii "Kirk alifunga soko" tunaisema vyepesi mno mpaka mtu anadhani siku ile watumwa waliamka wako huru wakenda makwao.

Mambo yalikuwa hivi. Januari 1873 Waingereza walimtuma Sir Bartle Frere na manowari na fahari zote aje kumsainisha Seyyid Barghash mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa, na ukimtazama alikuwa na sababu zake, kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake, hazina tupu, na waarabu wenye mashamba wanamtazama kwa jicho la pembeni tayari. Frere akaondoka mikono mitupu. Kisha London wakamletea Kirk maagizo kuwa Sultani asiposaini basi kisiwa kitazungukwa na manowari hakitoki kitu hakiingii kitu. Kirk akenda nayo kwa Sultani, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukasainiwa na soko likafungwa siku zile zile. Kwa hiyo mgeni akikuuliza, mwambie palikuwa na mtu anaejua kuongea na palikuwa na mizinga nyuma ya huyo mtu.

Na baada ya soko? Biashara ilihama tu ikapita nchi kavu. Misafara ya Kilwa badala ya kupanda majahazi pale ikawa inatembezwa kwa miguu ufukweni kwenda kaskazini, halafu wanavushwa usiku Pemba ambako mikarafuu haikupigwa na kimbunga na kazi ilikuwa nyingi. Msaidizi wake Kirk, Elton, aliiona hiyo misafara kwa macho yake njia ya Kilwa. Ikabidi 1876 Barghash atoe amri nyengine ya kupiga marufuku misafara ya bara. Wenyewe kuwa huru kisheria Unguja na Pemba ni 1897, zama za Seyyid Hamoud, na hata hapo ilikuwa uende mwenyewe mahakamani ukaombe, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Pwani ya Kenya 1907. Tanganyika 1922, mwaka ule ule Kirk alokufa, Januari, huko kwao Sevenoaks, ana miaka 89. Kijana alouzwa Mkunazini mwaka wa mwisho wa soko, kama alibaki hapa Unguja, alikaa miaka 24 mengine ndo akaruhusiwa kwenda kuomba karatasi yake.

Na nyie watembezaji, ile ghala ya chini pale St Monica mnayowashusha wageni wakalia, jengo lile ni la wamisheni, lilijengwa soko lilishafungwa, na wako wanahistoria wanaobisha kuwa halikuwahi kufungiwa watumwa. Muwe mnasema na hilo japo kwa sauti ndogo.

mtembeza_wageni

Bi mkubwa hapo umeniweza, lile ghala ndo linalolipa mshahara hahaha. Lakini nimekufahamu. Sasa kama alimtolea mizinga 1873 huo urafiki na Barghash uliingilia wapi tena?

sandarusi

Nimerudi. Bi mkunazini yote alosema ni sawa, sibishi hata moja, na mie simrembi mtu.

Urafiki, au tuseme kuaminiana, uliingia baada ya ule mkataba, ndo maajabu yenyewe. Barghash hakuwa mtu wa kuburuzwa hivi hivi, 1859 alikuwa amemuasi kaka yake Majid, Waingereza wakatia mkono wakamuondosha akapelekwa Bombay akakaa uhamishoni. Anawajua Waingereza wanavyofanya kazi. Sasa baada ya 1873 hesabu yake ikawa kama nimepoteza biashara hii na nimewachukiza watu wangu kwa ajili yao, basi angalau wanilinde na wengine. Na Kirk akawa anamuonesha kuwa hesabu hiyo inalipa. 1875 Barghash kaalikwa London, na mwaka ule ule Khedive, mtawala wa Misri, akaleta meli chini ya Mwingereza McKillop akakamata Barawa na Kismayu, bendera ya Sultani ikashushwa. Kirk akapanda manowari akaenda mwenyewe Barawa kugombana nao, na shindikizo la Uingereza likawafanya Wamisri waondoke. Hilo Barghash hakulisahau.

Kutoka hapo mambo mengi ya serikali yakawa yanapita kwa Kirk. 1877 jeshi la Sultani likaanza kuundwa kwa mtindo wa kizungu chini ya Luteni Mathews wa jeshi la maji la Waingereza, na Kirk ndie alokuwa nyuma ya shauri hilo. Mwaka ule ule Barghash mwenyewe alikuwa tayari kumkodisha bara tajiri Mackinnon wa zile meli za British India, bara lote hilo, forodha na utawala, na mazungumzo yakaenda 1878 yakavunjika kwa sababu London hawakutaka kuyabeba. Fikiria ingekuwa imefanyika. Wageni wakiulizwa nani alikuwa mtawala wa Zanzibar miaka ya 1880 mwanzoni wapo walosema ni Kirk, na mimi nadhani ni kutia chumvi, Barghash alikuwa anajenga Beit al-Ajaib, analeta maji ya bomba mjini kutoka Chemchem, ana akili zake timamu. Ila ni kweli hakuwa na mzungu mwengine wa kumtegemea. Wafaransa hakuwaamini. Wamarekani walikuwa na vitambaa vyao na pembe. Basi mayai yake yote kayaweka kapu moja.

Halafu kuna kitu watu hawakitazami, waya wa telegrafu. Mpaka 1879 Unguja haikuwa na telegrafu, barua ya Kirk inakwenda na meli na majibu yanakuja baada ya wiki na wiki, kwa hiyo mtu alokuwepo hapa ndo serikali. 1879 kampuni ya Kiingereza ikalaza waya chini ya bahari kutoka Aden. Tangu siku hiyo waziri wa London anaweza kumuamrisha Kirk leo ile ile. Wakati mambo yanakwenda sawa haikuwa na tabu. 1885 ndo ikaonekana.

Kwanza nna swali na mimi, nani ana habari nzuri za upande wa Mombasa? Maana hiyo 1875 kulikuwa na mambo ya Ngome huko.

kengeleni

Niko hapa. Januari 1875 Akida aliasi akajifungia Ngome ya Yesu akaanza kupiga mji, na Waingereza wakaleta meli mbili, Nassau na Rifleman, wakaitwanga ngome kwa mizinga mpaka akasalimu amri. Lakini musimpe Kirk hiyo, alikuwa likizoni kwao, alokuwa anakaimu Unguja ni Kapteni Prideaux. Ni Prideaux huyo huyo alopokea maiti ya Livingstone 1874, Susi na Chuma na wenzao wakiifikisha Bagamoyo baada ya kuibeba miezi. Watu wengi wanamweka Kirk kwenye hiyo picha, hakuwepo.

Na sisi huku Kisauni ule mkataba wa 1873 tunauishi, maana watumwa waliokuwa wanakamatwa majahazini na manowari lazima wapelekwe mahali, ndio wamisheni wa CMS wakaanzisha Freretown wakaipa jina la yule Frere alokwenda mikono mitupu. Kengele ya wale watu iko hapo barabarani mpaka sasa, magari ya Nyali yanaizunguka. Frere kapata mji, Kirk alosainisha kapata digidigi.

Sijui kama mumeshasema habari ya Stanley, hiyo nayo ni kashfa yake kubwa.

mtembeza_wageni

Stanley tena! Hiyo wageni wataipenda, nipeni.

kengeleni

Nitafupisha. Mwanzo wa 1871 Stanley anatua Unguja kimya kimya anamtafuta Livingstone kwa pesa za gazeti la New York, akaenda kumuona Kirk, na Kirk akampokea baridi. Wakati huo kazi ya kumpelekea Livingstone mizigo Ujiji ilikuwa ni ya Kirk kama kaimu balozi. Mizigo na wapagazi wakawa wamekaa Bagamoyo miezi hawajaondoka, na walotumwa baadhi yao walikuwa watumwa wa watu, kitu ambacho Livingstone kilimchoma roho. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwisho wa 1871 wakakaa wawili wakimsema Kirk, na Stanley aliporudi akalitangaza dunia nzima kuwa Kirk alimtelekeza rafiki yake afe njaa. Serikali yao ikachunguza ikamsafisha. Binafsi naona alizembea, alikuwa na mambo kumi na kupeleka shanga na vitambaa Ujiji kwa kutegemea wakala wa mjini haikuwa kipaumbele chake, lakini kumfanya muuaji ni gazeti linalotafuta wasomaji. Ila mutazame, mwaka mmoja tu baadae ndio anapewa kazi nzito ya mkataba, mtu ambae jina lake limepakwa matope London nzima. Lazima lilimpa hamu ya kufaulu.

bi_mkunazini

Hilo la mwisho ni dhana yako lakini naipenda.

mzee_wa_usagara

Wakuu salama. Mimi niko Kilosa, mmekaa mnazungumza visiwa na pwani, ngoja tulete bara maana 1885 ilianzia kwetu huku Usagara.

Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters na wenzie wawili watatu wanapita Unguja wamejifanya watu wa kawaida, wanavuka Saadani wanapanda mpaka Usagara, Nguru, Uzigua, Ukami, kila kwa jumbe wanatoa zawadi wanachora karatasi za Kijerumani ambazo hakuna anaezisoma, jumbe anaweka alama yake. Wiki chache wamemaliza wamerudi kwao. Februari 1885 Bismarck, waziri mkuu wao, anatoa hati ya ulinzi wa Kaiser juu ya nchi hizo. Barghash kusikia akampigia Kaiser telegramu moja kwa moja Aprili kulalamika kuwa hizo nchi ni zake, na akamtuma Jenerali Mathews mpaka Kilimanjaro kupandisha bendera na kuwasainisha machifu, Mandara wa Moshi akakubali kuwa ni raia wa Sultani, halafu muda si mrefu Wajerumani nao wakafika kwa Mandara huyo huyo wakasainiwa na wao. Mchaga hapotezi mteja hahaha.

Hapa sasa ndo naomba mtuambie Kirk alikuwa wapi. Maana huku kwetu swali letu ni hilo tu: mtu alokaa miaka yote hiyo, anaejua jahazi limetoka Kilwa jana usiku kama alivyosema sandarusi, hakuona Wajerumani wanapanda Saadani?

sandarusi

Mzee shikamoo. Swali zuri. Kuwapita walimpita, Peters alikuwa mjanja, na kwa wakati ule hata Berlin wenyewe walikuwa hawajaamua kumsaidia. Kirk alikuwa ameshaandika mara nyingi kuwa bara linahitaji kushikwa kabla mwengine hajalishika, alitaka lishikwe kwa jina la Sultani na nguvu ya Uingereza ikae nyuma. London hawakutaka gharama. Halafu Uingereza wakati huo wanamhitaji Bismarck, wako Misri na madeni ya Misri na kila uamuzi wa huko unataka kura ya Mjerumani, na Warusi wanawatisha mpaka wa Afghanistan. Kwenye mizani hiyo Usagara ilikuwa na uzito gani?

Kwa hiyo waya ukaanza kuleta maagizo ya namna nyengine, asiwapinge Wajerumani, amtulize Sultani, asimpe moyo. Agosti 1885 manowari za Wajerumani zikaja zikajipanga mbele ya kasri, Kamanda Paschen, mizinga inatazama mjini, sharti Barghash aondoe malalamiko yake na askari wake Usagara na Witu, kule karibu na Lamu. Na ndani ya zile meli alikuwemo Bibi Salme, dada yake Barghash alokimbia kwa ajili ya Mjerumani Ruete zama za Majid, kaletwa kama fimbo ya pili. Barghash anamtazama Kirk. Kirk ana telegramu mfukoni. Akamshauri akubali. Katikati ya Agosti akakubali.

Hapa ndo mzee wako wa Kiskoti ana haki nusu. Hakumuuza kwa maana ya kupokea kitu, wala shauri halikuwa lake, barua zake zinaonesha aliumia na alibisha mpaka wakubwa zake wakamuona kero. Ila ni yeye alofikisha neno. Na neno lile lilipita kwa sababu Barghash alikuwa amezowea kulipokea kutoka kwake. Lingeletwa na mgeni asiejulikana pengine angebisha zaidi, pengine mji ungepigwa, Mungu anajua. Mimi kinachonikera ni kuwa Kirk alimfundisha Sultani kwa miaka 12 kwamba akifuata Waingereza hatopotea, na hakuwahi kuwa na mamlaka ya kuahidi hilo. Alikuwa anaahidi kwa kutumia uzito wake mwenyewe. London hawakuwahi kuandika popote.

Baada yake ikaja ile tume ya mipaka, Kitchener upande wa Waingereza, na makubaliano ya 1886 wakampa Sultani visiwa na maili 10 za mwambao kutoka Tunghi mpaka Kipini na vituo vya Benadir, pwani ya Wasomali, basi, ndani ya hapo wakagawana wao. Kirk keshaondoka mwaka huo huo, akastaafu mwaka uliofuata na nishani zake. Barghash alifariki Machi 1888.

bi_mkunazini

Sandarusi "aliumia" ndo maneno yanayonishinda. Kila mtumishi wa dola la kikoloni ana shajara anaumia. Tumtazame alofanya baada ya hapo. 1889 na 1890 yuko Brussels anaiwakilisha Uingereza kwenye mkutano mkuu wa kupinga biashara ya watumwa, ule ulozuia bunduki na ulevi kuingia Afrika, na mwenyeji wake ni Mfalme Leopold, huyo huyo wa Kongo! Halafu akawa kwenye kamati ya serikali ya kujenga reli ya Uganda, ile ilotoka Mombasa 1896 ikafika ziwani 1901. Mtu alotuliza Wajerumani kisha anasimamia reli ya nusu waloibakisha, hakuwa mtu alovunjika moyo na mambo ya ukoloni.

sandarusi

Bi mkunazini ya kweli hayo, ila ongeza na ya Niger basi tuwe sawa. 1895 watu wa Nembe, Brass, huko Nigeria ya leo, chini ya mfalme wao Koko walivamia kituo cha Kampuni ya Niger pale Akassa kwa sababu kampuni iliwafungia biashara yao yote ya mawese, na serikali ikamtuma Kirk akachunguze. Mzee wa miaka 62. Ripoti yake ikaeleza wazi malalamiko ya wale watu, hakuwaandika kama wahuni tu kama kampuni ilivyotaka. Sisemi inamsafisha. Nasema alikuwa mtu anaejua kuona, tatizo lake ni nini kilikuwa kinafanyika na alichokiona.

bi_mkunazini

Haya hapo tumekaribiana.

mzee_wa_usagara

Marahaba sandarusi, nimeridhika kwa kiasi. Mtembeza, wageni wako wakija Mikumi wapitishe Kilosa tuwaoneshe na sisi, historia haijaishia Forodhani.

mtembeza_wageni

Wakuu Allah awazidishie, hapa nna kazi ya wiki nzima kuyapanga. Moja la mwisho, wapo wanaotaka kuiona nyumba yake Mbweni. Nawapeleka yale magofu ya hotelini?

kengeleni

Mimi wa Mombasa sijui lakini nasikia siyo.

bi_mkunazini

Siyo kabisa. Yale magofu ni skuli ya St Mary, ya wamisheni wa UMCA, walikuwa wakisomeshwa watoto wa kike walotolewa majahazini. Kirk alikuwa na nyumba na shamba huko huko Mbweni na ndo alipojaribia miti yake ya kigeni, lakini ni jengo jengine, na kanisa la St John ni jengine tena. Ukifika muulize sheha wa pale, usimuulize dereva wa teksi, atakupeleka palipo karibu na barabara. Na ukiwa na wageni wanaopenda miti waombe wenyeji wakuoneshe ile mikubwa ilobaki, wengine wanataka picha ya mti kuliko ya gofu.